Ngazi Iliyovunjika: Historia ya Ukomo wa Uwezo wa Chaneli za Utangazaji zenye Antena Nyingi, 1972–2016

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya tatizo la ukomo wa uwezo wa chaneli ya utangazaji yenye antena nyingi katika nadharia ya habari, kuanzia makala ya Thomas Cover ya mwaka 1972 hadi uthibitisho wa Davoodi na Jafar wa mwaka 2016. Maelezo yaliyozoeleka huigawa historia hiyo katika vipindi viwili: miaka ya kusubiri kabla ya 2006 na miaka ya matumizi baada yake. Makala inadai kuwa mgawanyo huo unaficha jambo la msingi. Kilichokosekana kwa takribani miongo mitatu hakikuwa mbinu ya kutuma habari, kwani mbinu hiyo ilikuwa tayari ndani ya kazi ya Katalin Marton ya mwaka 1979. Kilichokosekana ni ngazi, yaani mpangilio wa wapokeaji kutoka dhaifu hadi mwenye nguvu, ambao uthibitisho wa awali uliutegemea. Inaoneshwa jinsi antena nyingi zilivyoivunja ngazi hiyo, jinsi watafiti walivyoiunda upya, na gharama iliyoambatana nayo: mtumaji alilazimika kudhaniwa kuwa anaijua chaneli kikamilifu.

1.0 Utangulizi

Mnara mmoja wa simu unapohudumia simu kumi kwa wakati mmoja, kila simu inasubiri ujumbe wake, na kila ujumbe ni usumbufu kwa simu tisa zilizobaki. Kwa kiasi fulani cha nguvu na idadi fulani ya antena, ni habari kiasi gani inayoweza kuwafikia wote bila makosa? Katika nadharia ya habari swali hili hujulikana kuwa ni tatizo la eneo la uwezo wa chaneli ya utangazaji.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi mapema. Kwanza, katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kutangaza ni kupeleka ujumbe mmoja kwa watu wote, kama ifanyavyo redio. Katika nadharia ya habari, chaneli ya utangazaji ni yenye mtumaji mmoja na wapokeaji wengi, ambapo kila mpokeaji anaweza kuwa na ujumbe wake mwenyewe. Kinachotangazwa kwa wote ni wimbi. Ujumbe uliomo ndani yake ni wa watu mbalimbali. Pili, uwezo wa chaneli yenye mpokeaji mmoja ni namba moja, kama alivyoonesha Claude Shannon mwaka 1948. Wapokeaji wanapokuwa wawili, namba moja haitoshi, kwa kuwa kasi ya mmoja inaweza kuongezwa kwa kupunguza ya mwenzake. Kila jozi ya kasi ni nukta, na nukta zote zinazofikiwa huunda eneo. Kuutambua ukomo wa chaneli ni kuuchora mpaka wa eneo hilo.

Kila nadharia ya uwezo ina pande mbili. Upande wa ufikivu huonesha mbinu inayoweza kufika hadi mpakani. Upande wa kizuizi huthibitisha kuwa hakuna mbinu yoyote, iliyopo au itakayobuniwa, inayoweza kuuvuka mpaka huo. Historia za sayansi hupenda upande wa kwanza kwa sababu una uvumbuzi unaoonekana. Katika tatizo linalojadiliwa hapa, hata hivyo, upande wa pili ndio uliochelewa, na sababu ya kuchelewa kwake ndiyo inayoeleza mwenendo mzima.

2.0 Ngazi ya Awali: Cover, Bergmans na Gallager

Mwaka 1972 Thomas Cover wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha katika jarida la IEEE Transactions on Information Theory makala iliyoanzisha uwanja huu. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi ya kugawana muda, yaani kumhudumia mpokeaji mmoja kisha mwingine, kwa ujumla haifiki kwenye ukomo. Alipendekeza badala yake usimbaji wa tabaka: ujumbe wa mpokeaji dhaifu unakuwa tabaka la chini, na ujumbe wa mpokeaji mwenye nguvu unawekwa juu yake, zote zikitumwa kwa pamoja.

Mfano wa hesabu unadhihirisha faida hiyo. Chukua mtumaji mwenye nguvu 15, mpokeaji wa kwanza mwenye kelele ya kiasi cha 1 na wa pili mwenye kelele ya 5. Kwa kanuni ya Shannon, mpokeaji wa kwanza akihudumiwa peke yake anapata biti 2 kwa kila matumizi ya chaneli, na wa pili akihudumiwa peke yake anapata biti 1. Wakigawana muda nusu kwa nusu, kwa nguvu ileile katika kila zamu, wa kwanza anapata biti 1 na wa pili nusu biti. Kwa usimbaji wa tabaka, mtumaji anaweza kumtengea wa kwanza nguvu 3 tu na wa pili nguvu 12. Mpokeaji dhaifu anauchukulia ujumbe wa mwenzake kuwa sehemu ya kelele, ambayo sasa ni 8, na kupata takribani biti 0.66. Mpokeaji mwenye nguvu anausimbua kwanza ujumbe wa mwenzake, anautoa, kisha anausoma wake kwa kasi ileile ya biti 1. Mmoja amefaidika na mwingine hakupoteza chochote.

Ni muhimu kubainisha mbinu hii inategemea nini. Mpokeaji mwenye nguvu anaweza kuutoa ujumbe wa mwenzake kwa sababu kila anachoweza kusimbua mpokeaji dhaifu, yeye pia anaweza kukisimbua. Wapokeaji wamesimama kwenye ngazi: aliye juu anasikia yote asikiayo aliye chini, na zaidi. Chaneli za namna hii zitaitwa hapa chaneli zenye ngazi. Bergmans (1973) alithibitisha upande wa ufikivu kwa chaneli hizo. Gallager (1974) alithibitisha upande wa kizuizi kwa chaneli zenye ngazi na alama za idadi maalumu. Katika mwaka huohuo Bergmans alifanya hivyo kwa chaneli yenye kelele ya Gauss, akitumia kanuni ya nguvu ya entropia ambayo Shannon aliidokeza mwaka 1948 na Stam akaithibitisha mwaka 1959. Kwa antena moja, kwa hiyo, tatizo lilikuwa limefungwa ndani ya miaka miwili. Wapokeaji wenye antena moja kila mmoja, wanaomsikiliza mtumaji mwenye antena moja, hutofautiana kwa ubora wa usikivu tu, na ubora unaweza kupangwa kwa mstari.

3.0 Marton na Jibu Lililotangulia Swali

Chaneli zisizo na ngazi zilibaki bila jibu. Katika kipindi hicho Katalin Marton, mwanahisabati wa Budapest, alichapisha mwaka 1979 nadharia iliyohusu chaneli ya utangazaji kwa ujumla wake, bila sharti lolote la mpangilio. Katika mbinu ya Marton, kila mpokeaji ana mkusanyo wake wa maneno ya msimbo, na kila ujumbe unawakilishwa na maneno mengi badala ya moja. Mtumaji huchagua jozi ya maneno, moja kutoka kila mkusanyo, inayoafikiana vizuri, kisha hutuma ishara inayotokana na jozi hiyo. Hakuna mpokeaji anayelazimika kusimbua ujumbe wa mwenzake. Kazi ya kuzipatanisha jumbe hufanyika upande wa mtumaji.

Eneo la Marton ni upande wa ufikivu pekee. Kama eneo hilo ndilo eneo la uwezo kwa kila chaneli ya utangazaji ni swali ambalo limebaki wazi. Kwa chaneli yenye antena nyingi na kelele ya Gauss, hata hivyo, ilikuja kudhihirika kuwa eneo la Marton, likikokotolewa kwa uteuzi unaofaa wa vigeu vyake, linafika mpakani kabisa. Maana yake ni kwamba mbinu iliyothibitishwa kuwa bora mwaka 2006 ilikuwa imeandikwa miaka 27 kabla yake, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyeuliza swali ambalo ilikuwa jibu lake. Marton alitunukiwa Tuzo ya Shannon mwaka 2013, akiwa mwanamke wa kwanza kuipokea, na alifariki mwaka 2019.

Kazi nyingine ya kipindi hicho inapaswa kutajwa. Sato (1978) aliweka mpaka wa nje kwa hoja rahisi lakini yenye nguvu. Wapokeaji wakiruhusiwa kushirikiana, uwezo wao hauwezi kupungua. Hivyo uwezo wa wapokeaji wanaoshirikiana ni kizuizi kwa wasioshirikiana. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kila mpokeaji husimbua peke yake, eneo la uwezo halibadiliki kwa namna kelele zao zinavyohusiana. Mtafiti anaweza basi kuchagua uhusiano wa kelele ulio mbaya kuliko wote na kupata kizuizi kinachobana zaidi. Hoja hii ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata matumizi makubwa.

4.0 Antena Nyingi na Kuvunjika kwa Ngazi

Msukumo ulitoka nje ya tatizo lenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, katika maabara za Bell nchini Marekani, Telatar na Foschini walionesha kuwa antena nyingi upande wa mtumaji na upande wa mpokeaji huongeza uwezo kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa. Kazi ya Telatar ilisambazwa kama waraka wa ndani mwaka 1995 na kuchapishwa mwaka 1999. Ya Foschini ilichapishwa mwaka 1996. Katika mazingira yenye mwakisiko mwingi wa mawimbi, na nguvu ikiwa kubwa, uwezo hukua kwa uwiano wa idadi ya antena za upande wenye antena chache zaidi. Antena nne kila upande hukaribia kuwa na thamani ya chaneli nne.

Swali lililofuata halikuepukika. Simu ya mkononi ni ndogo na haina nafasi ya antena nyingi, lakini mnara unayo. Je, simu nne zenye antena moja kila moja, zilizotawanyika mjini na zisizoweza kushirikiana, zinaweza kuupatia mnara wenye antena nne faida ileile? Kwa lugha ya Cover, hili lilikuwa swali la chaneli ya utangazaji. Kwa mbinu za Cover, hata hivyo, halikuweza kujibiwa.

Sababu ni kwamba antena nyingi huwapa wapokeaji mielekeo. Mtumaji mwenye antena mbili anaweza kutuma kwa mwelekeo ambao mpokeaji wa kwanza anausikia sana na wa pili hausikii kabisa, na kinyume chake. Hakuna tena aliye juu na aliye chini: kila mmoja anasikia asichosikia mwenzake. Cover na Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1991, wanatumia mfano wa mhadhiri anayefundisha darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti, ambapo wenye uelewa mkubwa hupata yote ya wenzao na ziada. Mfano huo unaifaa chaneli yenye ngazi. Antena nyingi huleta darasa la namna nyingine, ambamo mmoja ni hodari wa hisabati na mwenzake wa historia. Mwalimu hawezi kuwapanga kwa mstari mmoja, kwa kuwa nani yuko mbele hutegemea anachofundisha wakati huo.

Ngazi ilipovunjika, pande zote mbili za nadharia zilivunjika. Usimbaji wa tabaka haukuwa tena na mpokeaji wa uhakika wa kuondoa tabaka la mwenzake. Uthibitisho wa Bergmans nao haukuwa na mahali pa kuanzia.

5.0 Karatasi Chafu na Mpangilio wa Kuchaguliwa

Mbinu iliyojaza pengo la ufikivu ilitokana na tatizo lililoonekana kuwa la pembeni. Gelfand na Pinsker (1980), watafiti wa Kisovieti, walichunguza chaneli ambayo hali yake inajulikana kwa mtumaji pekee. Max Costa (1983) aliitumia kazi yao kwa kelele ya Gauss na kupata tokeo la kushangaza. Ikiwa ishara inaingiliwa na ishara nyingine ambayo mtumaji anaijua yote mapema lakini mpokeaji haijui, uwezo wa chaneli ni uleule kana kwamba mwingiliano haupo, na nguvu ya ziada haihitajiki. Costa alilifananisha jambo hilo na kuandika juu ya karatasi yenye madoa. Mwandishi anayejua madoa yalipo huyatumia kama sehemu ya maandishi yake, na msomaji husoma bila kujua doa lilikuwa wapi.

Kwa miaka mingi tokeo hili lilihesabiwa kuwa la kuvutia tu. Giuseppe Caire wa Eurecom, Ufaransa, na Shlomo Shamai wa Technion, Israeli, walitambua kuwa mtumaji wa chaneli ya utangazaji yumo katika hali hiyohiyo, kwani mwingiliano unaomsumbua mpokeaji mmoja ni ujumbe wa mwenzake, na ujumbe huo ameutunga mtumaji mwenyewe. Anaweza kumsimbia mpokeaji wa kwanza kwanza, kisha kumsimbia wa pili akiwa tayari anajua kila kitu kuhusu ishara ya wa kwanza. Wa pili hasumbuliwi tena na wa kwanza. Mbinu hii ni hali maalumu ya ile ya Marton.

Hapa ndipo ngazi inaporudi kwa sura mpya. Katika mbinu ya Cover, mpangilio ulitolewa na maumbile ya chaneli. Katika mbinu ya karatasi chafu, mpangilio unachaguliwa na mtumaji: anaamua nani asimbiwe kwanza na nani mwisho, na anaweza kuugeuza. Kazi ya kuondoa mwingiliano imehama kutoka kwa mpokeaji aliye juu ya ngazi hadi kwa mtumaji aliyeijenga ngazi hiyo. Uhamisho huo una sharti moja, ambalo katika makala za kipindi hicho lilitajwa kwa sentensi moja mwanzoni na kuachwa: mtumaji lazima ajue chaneli ya kila mpokeaji kwa usahihi.

6.0 Uwili na Jumla ya Kasi, 2003–2004

Caire na Shamai walithibitisha kuwa, kwa wapokeaji wawili wenye antena moja kila mmoja, mbinu hii inafikia ukomo wa jumla ya kasi. Kizuizi walichotumia ni kile cha Sato. Tokeo lao lilichapishwa Julai 2003, na ndani ya miezi 14 makundi mengine matatu yalichapisha matokeo mapana zaidi katika jarida lilelile: Viswanath na Tse (Agosti 2003), Vishwanath, Jindal na Goldsmith (Oktoba 2003), na Yu na Cioffi (Septemba 2004).

Dhana iliyowaunganisha watafiti kadhaa kati ya hao ni uwili. Geuza mwelekeo wa chaneli, wapokeaji wawe watumaji na mnara uwe mpokeaji. Chaneli inayopatikana ni ya watumaji wengi, ambayo uwezo wake ulijulikana tangu awali na ambayo ni rahisi kukokotoa. Ilithibitishwa kuwa eneo linalofikiwa kwa karatasi chafu katika chaneli ya utangazaji ni sawa na eneo la uwezo wa chaneli hiyo iliyogeuzwa, mradi jumla ya nguvu ni ileile. Mpangilio nao hugeuka: anayesimbiwa mwisho katika chaneli ya kwanza ndiye anayesimbuliwa mwanzo katika ya pili.

Mafanikio hayo yalihusu jumla ya kasi, yaani nukta za mpaka ambapo hakuna anayejali nani anapata nini. Mpaka uliobaki haukuwa umethibitishwa. Katika matumizi, sehemu hiyo ndiyo yenye uzito. Jumla kubwa inaweza kupatikana kwa kumnyima kabisa mpokeaji aliye mbali na mnara, na swali la haki kati ya wapokeaji linajibiwa na umbo la eneo zima, si na nukta moja.

7.0 Ngazi ya Kubuni: Uthibitisho wa 2006

Ugumu uliobaki ulikuwa wa upande wa kizuizi. Bergmans alitegemea kanuni ya nguvu ya entropia, ambayo kwa vekta hutoa usawa kamili pale tu matriki zinazohusika zinapowiana. Katika antena moja matriki ni namba, na namba zote huwiana. Katika antena nyingi uwiano huo haupo, hivyo kizuizi kinachopatikana kinakaa mbali na mpaka wa karatasi chafu. Mwaka 2003 baadhi ya watafiti, wakiwemo Tse na Viswanath, walikwishadokeza kuwa tatizo lingefungwa iwapo ingethibitishwa kuwa ishara za Gauss ndizo bora katika chaneli fulani zenye ngazi. Hatua hiyo ya mwisho ilikosa uthibitisho.

Hanan Weingarten, Yossef Steinberg na Shlomo Shamai, wote wa Technion, waliufikisha uthibitisho huo katika makala iliyochapishwa Septemba 2006. Hawakujaribu kuithibitisha chaneli halisi moja kwa moja. Kwa kila nukta ya mpaka walibuni chaneli nyingine, iliyoboreshwa, kwa kupunguza kelele za wapokeaji kwa kipimo maalumu. Chaneli hiyo ya kubuni ina sifa tatu. Kwanza, kwa kuwa kelele zake ni ndogo, eneo lake la uwezo haliwezi kuwa dogo kuliko la chaneli halisi. Pili, ina ngazi. Tatu, katika nukta inayohusika, matriki zake zinawiana, hivyo kanuni ya nguvu ya entropia inatoa usawa kamili, na mpaka wake unaugusa mpaka wa karatasi chafu wa chaneli halisi. Chaneli halisi haiwezi kuvuka mpaka wa ile iliyo bora kuliko yenyewe. Kwa hiyo nukta hiyo ni ya mpaka wa kweli. Hoja ikirudiwa kwa kila nukta, eneo zima limethibitishwa.

Ukisomwa kihistoria, uthibitisho huu haukuachana na Bergmans. Ulimtafutia mahali pa kusimama. Ngazi iliyovunjwa na antena nyingi haikupatikana katika chaneli yenyewe, bali katika chaneli ya kufikirika iliyojengwa kandokando yake, tofauti kwa kila nukta. Liu na Viswanath (2007) walitoa njia nyingine ya uthibitisho kupitia kutolingana kwa entropia kwa jumla zaidi, na Geng na Nair (2014) walifunga suala la wapokeaji wawili wanapokuwa pia na ujumbe wa pamoja. Mwaka 2006, kwa hiyo, haukuwa mwisho hata ndani ya mipaka ya dhana zake zenyewe.

8.0 Gharama ya Ngazi: Maarifa ya Chaneli

Sharti lililotajwa katika sehemu ya 5.0 ndilo lililotawala miaka iliyofuata. Katika uhalisia mnara haujui chaneli ya kila simu. Huarifiwa na simu zenyewe kwa biti chache, au hukadiria kutokana na ishara zinazotoka kwa simu. Jindal (2006) alionesha kuwa kwa usimbaji wa mstari, biti za taarifa zikibaki kiasi kilekile huku nguvu ikiongezwa, jumla ya kasi hudumaa. Ili isidumae, biti hizo lazima ziongezeke sambamba na nguvu kwa desibeli: kwa mnara wenye antena 4, kila mpokeaji anapaswa kuongeza takribani biti 3 za taarifa kila nguvu inapozidishwa mara mbili.

Kwa mtumaji mwenye antena 2 na wapokeaji 2 wenye antena moja, athari ya maarifa inaweza kupimwa kwa namba tatu. Nguvu ikiwa kubwa, kila inapozidishwa mara mbili, jumla ya kasi huongezeka kwa biti 2 ikiwa mtumaji anaijua chaneli kikamilifu. Maddah-Ali na Tse (2012) walionesha kuwa ikiwa anaijua baada ya kubadilika tu, yaani maarifa yake yamechakaa kabisa, bado anapata ongezeko la 4/3. Lapidoth, Shamai na Wigger (2005) walikisia kwamba ikiwa maarifa ya sasa yana usahihi wenye kikomo, ongezeko huporomoka hadi 1, sawa na kama antena ya pili haipo. Davoodi na Jafar (2016) walithibitisha makisio hayo. Antena ni zilezile na nguvu ni ileile katika hali zote tatu. Kinachotofautiana ni anachojua mtumaji.

Tokeo la mwisho linaupa ukomo wa 2006 maana yake sahihi. Si ahadi kwa mhandisi, bali ni mpaka wa mtumaji ajuaye yote. Vifaa vilivyojengwa vimefuata njia ya unyenyekevu zaidi. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11ac, kilichoidhinishwa mwaka 2013, kiliruhusu kuhudumia hadi wapokeaji 4 kwa wakati mmoja kwa mielekeo ya mawimbi, pasipo karatasi chafu. Marzetta (2010) alipendekeza minara yenye antena nyingi mno kuliko wapokeaji, inayojifunza chaneli kwa kusikiliza ishara za simu. Antena zikiongezeka, mielekeo ya wapokeaji hukaribia kutogusana, mwingiliano hupungua wenyewe, na swali la nani asimbiwe kwanza hupoteza uzito. Ngazi ambayo watafiti waliitafuta kwa miongo mitatu haihitajiki pale ambapo kila mpokeaji ana njia yake.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa historia ya ukomo wa chaneli za utangazaji zenye antena nyingi haisomeki vizuri kama kusubiri kulikokoma mwaka 2006. Mbinu ilikuwepo tangu 1979, kizuizi cha Sato tangu 1978, na karatasi chafu tangu 1983. Kilichobadilika ni mahali ngazi ilipowekwa. Kwa Cover na Bergmans ilikuwa katika maumbile ya chaneli. Kwa Caire na Shamai ilikuwa katika uamuzi wa mtumaji. Kwa Weingarten na wenzake ilikuwa katika chaneli ya kubuni. Kila kuhama kulitatua tatizo kwa kumkabidhi mtumaji mzigo uliokuwa wa mpokeaji au wa maumbile, na mzigo huo ni maarifa.

Hali hii ina athari kwa uandishi wa historia ya nadharia ya habari. Simulizi inayohesabu nadharia zilizothibitishwa peke yake huliweka sharti la maarifa kamili pembeni, kama ilivyowekwa katika makala zenyewe, na humwacha msomaji akidhani kuwa pengo kati ya nadharia na vifaa ni uzembe wa wahandisi. Simulizi inayofuatilia masharti huonesha kuwa pengo hilo ni ukomo mwingine, wenye historia yake na uthibitisho wake, uliofika miaka kumi baada ya ule wa kwanza. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna masharti ya aina hii yanavyoingia katika nadharia, yanavyozoeleka, na yanavyorudi baadaye yakiwa maswali makuu. Eneo la uwezo wa chaneli ya utangazaji kwa ujumla, ambalo Cover alilianzisha na Marton akalikaribia, bado halijajulikana. Na kwa ushahidi wa historia hii, huenda jibu lake, au sehemu yake, limekwishaandikwa kama suluhisho la swali jingine.